Mzigo wa Nafaka Ukikwama Namanga

Tangu itolewe amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara hapa Tanzania, malalamiko kutoka kwa wafanyabiashara wa mpakani yamekuwa yakitufikia mfululizo. Mengi yanasema jambo moja: Kenya na Tanzania zimegombana tena, ndiyo maana mizigo inakamatwa. Masuala ya uhusiano wa nchi hizi mbili yana wasemaji wake wizarani, nasi hatutawasemea. Tunachoweza kueleza ni kinachotokea kwenye dawati la forodha, na huko mizigo mingi ya nafaka inakwama kwa upungufu wa nyaraka ambao ungerekebishwa kabla lori halijawashwa.

Mpaka uliofungwa kwa sababu za kisiasa tunaujua ulivyo. Februari 1977, Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulitiwa saini Arusha Mei 1984. Majirani zetu nao wamepitia hayo: Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, malori ya biashara yalizuiwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Katika hali ya namna hiyo hakuna cheti kinachoweza kukusaidia. Leo Namanga, kituo cha mpaka wa Kenya na Tanzania, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na mzigo unakaguliwa mara moja tu, upande unakoingia.

Tuanze na amri yenyewe, maana inasomwa vibaya. Haizuii mahindi, vitunguu wala mchele kuuzwa Kenya. Kinachomhusu mnunuzi wa mazao ni kipengele kinachomkataza asiye raia kununua mazao shambani. Mnunuzi kutoka Kenya anabaki na njia ya kununua kwa mfanyabiashara Mtanzania, kwenye ghala au soko. Asiye raia akikiuka, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania anayeazima jina lake ili mgeni anunulie shambani naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Tafadhali msiazime majina.

Sasa cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayothibitisha bidhaa imezalishwa wapi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005 na Soko la Pamoja Julai 2010, na tangu hapo watu wanaamini kwamba bidhaa ya Afrika Mashariki inavuka bure kwa kuwa tu ni ya Afrika Mashariki. Hapana. Inavuka bila ushuru wa forodha ikithibitishwa kuwa imezalishwa ndani ya Jumuiya. Isipothibitishwa, inahesabiwa kama imetoka nje, na kiwango cha pamoja cha ushuru kwa mahindi ni asilimia 50. Hiyo ndiyo tofauti kati ya faida na hasara ya safari nzima.

Kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, upo utaratibu rahisi: cheti rahisi cha uasili kinatolewa palepale mpakani na ofisa wa forodha, bila malipo. Cheti hakiuzwi. Anayekuuzia nje ya geti anakuuzia karatasi ya kughushi. Njoo na kitambulisho, eleza aina ya bidhaa, idadi ya magunia, uzito na bei uliyonunulia, kisha hakikisha kilichoandikwa kinalingana na kilichopakiwa. Ukiandika magunia 40 na kwenye Canter yakahesabiwa 46, cheti hakifanyi kazi tena.

Kinachotuudhi zaidi, na tunakisema waziwazi, ni mzigo wa lori moja kugawanywa kwa majina ya watu kumi ili kila mmoja aonekane chini ya dola 2,000. Maofisa wanaliona hilo kila siku. Mzigo mkubwa unahitaji cheti kamili cha uasili na wakala wa forodha mwenye leseni, na maombi yafanyike kabla ya safari.

Cheti kinaondoa ushuru wa forodha peke yake. Hakiondoi kodi za ndani, wala hakiondoi cheti cha afya ya mimea, kibali cha Wizara ya Kilimo cha kutoa mazao nje, au kibali cha kuingiza mazao anachotafuta mnunuzi upande wa Kenya. Na mahindi ya Zambia yaliyoingilia mpaka wa Tunduma hayawi ya Tanzania kwa kulala ghalani Arusha. Zambia na Kenya zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hivyo yanatumia cheti cha huko. Tanzania ilijitoa mwaka 2000.

Linalobaki ni sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, na hapa ndipo tuhuma za hujuma huwa nyingi. Ni kweli kwamba tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha kipimo cha sumukuvu, na cheti cha uasili kionyeshe wilaya mahindi yalikolimwa. Lakini kiwango kinachotumika ni cha Afrika Mashariki, nasi Tanzania tumekiridhia: jumla ya sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani miligramu 10 katika tani nzima, na unyevu usizidi asilimia 13.5. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Kwetu, Dodoma na Manyara zilizika watu mwaka 2016. Sumu hii haiondoki kwa kupika ugali.

Mzigo unaweza kufaulu kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, na kufeli Namanga, na mara nyingi sababu ni sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizovunda zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Anayechoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye magunia matatu ya juu, yanayofikika kwa mkono, amepima magunia matatu. Chukua sehemu nyingi, juu, katikati na chini ya shehena, changanya, punguza kwa kugawa mafungu manne, kisha sampuli yote isagwe kabla maabara haijachota ya kupima. Chanzo cha pili ni unyevu. Mahindi yaliyopakiwa yakiwa na asilimia 15 au 16, yakafunikwa turubai na kukaa foleni siku kadhaa, yanapata joto na kuota ukungu ndani ya lori. Pima unyevu kabla ya kupakia. Cheti cha maabara ni cha shehena ile iliyopimwa. Ukiongeza magunia njiani, huna cheti.

Kuhusu njia za panya, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatumika pande zote mbili. Kuingiza bidhaa zilizokatazwa au kukwepa ushuru, kifungu cha 200: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya mzigo, au vyote. Tamko la uongo au nyaraka za kughushi, kifungu cha 203: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Chombo kilichobeba nacho kinaweza kutaifishwa, bodaboda ikiwemo. Kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna wa Forodha kumaliza shauri bila mahakama, mhusika akikiri kosa kwa maandishi na kuomba hivyo.

Mzigo ukikamatwa, usiondoke bila hati ya ukamataji. Una mwezi mmoja kudai mali yako kwa maandishi kwa Kamishna. Usipodai, inahesabiwa kuwa imetaifishwa. Barua itaje namba ya hati, tarehe, kituo na orodha ya bidhaa, na iambatane na nakala za vyeti ulivyokuwa navyo siku hiyo. Vyeti vilivyotolewa baada ya mzigo kukamatwa havisaidii.