Mabaki ya mbolea sio rutuba

Jamani hili neno "mabaki" linatutia hasara. Juzi niko duka la pembejeo Kibaigwa, mzee mmoja anamwambia mwenzake "mwaka huu mbolea siweki, mwaka jana mvua ilikata mapema mahindi hayakula kitu, rutuba yote imebaki shambani", na mwenzake anaitikia kabisa. Kongwa na Chamwino nimeshalisikia hilo mara nyingi mno.

Mabaki ni kirutubisho ambacho zao la msimu uliopita halikukimaliza na bado kipo udongoni mahali mzizi unaweza kukifikia. Basi.

Rutuba ni kitu kingine. Neno limetoka Kiarabu na huko maana yake ni unyevu, na wewe unayelima Dodoma kwa mvua ya Desemba mpaka Aprili utaelewa haraka, maana mzizi hauli punje ya mbolea, unanyonya maji ambayo kirutubisho kimeyeyuka ndani yake, ardhi ikikauka mahindi yanakaa na njaa hata kama mbolea imejaa pale chini. Kwahiyo rutuba ni unyevu, ni samadi, ni hali ya udongo wenyewe, na mabaki ni sehemu tu ya hiyo habari.

Ila kinachoniumiza zaidi ni mtu kusema mabaki bila kusema mabaki ya nini. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi jinsi inavyohesabiwa kwenye mfuko. Gunia la mahindi la kilo 100 likitoka shambani linaondoka na naitrojeni kama kilo moja na nusu hivi, fosfeti haifiki hata kilo moja, sasa piga hesabu mwenyewe ekari iliyowekwa mfuko mmoja ikatoa gunia tano. Fosforasi haitembei, inajishika kwenye udongo palepale ulipoiweka, na udongo wetu mwekundu unaibana sana kiasi kwamba nyingine ipo lakini mmea hauipati. Naitrojeni haina tabia hiyo, Urea, ile mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, uliyoimwaga juu bila kufukia nyingine inapaa na hewa, na iliyobaki kwenye kichanga mvua kubwa za mwanzo zinaishusha chini kabla mche haujawa na mzizi wa kuifuata.

Kwahiyo mzee wangu, shikamoo, kwamba shamba lina mabaki inawezekana kabisa, hapo hukukosea, ila yanayokaa zaidi ni ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia usiyategemee. Kabla ya kupanda chimba sentimita 20 sehemu kama 15 kwa kuzunguka shamba zima, changanya kwenye ndoo safi, sio ile uliyobebea mbolea, toa nusu kilo upeleke ikapimwe. Fosforasi ikionekana inatosha punguza DAP, na hela hiyo inunulie Urea, usiirudishe mfukoni.