Je, wajua Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, inamkumbuka nani?

Kwa miaka mingi, kila niliposhuka Posta na kumwona yule askari wa shaba kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, singe mbele kuelekea bandarini, nilijua huyo ni shujaa wa Uhuru. Rafiki zangu walishikilia kuwa ni wa Majimaji. Wote tulikosea.

Sanamu ile ilizinduliwa mwaka 1927, miaka 34 kabla ya Uhuru, na walioisimamisha ni Waingereza. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Majimaji nayo haihusiki kabisa. Ile ilikuwa vita ya 1905 hadi 1907 ya kumpinga Mjerumani, lakini huyu ni askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Ukisogea karibu utakuta maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Humo wanatajwa watu wasioonekana juu ya jiwe: wapagazi, walioitwa miguu na mikono ya jeshi. Mnara wa Nairobi, ndugu wa huu, una sanamu ya mpagazi. Wa Dar una askari peke yake.

Na wapagazi ndio waliokuwa wengi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, barabara za magari zilikuwa chache, kwa hiyo mzigo ukapanda vichwani. Tatizo ni kwamba mbebaji naye anakula. Chukua mtu mwenye mzigo wa unga kilo 25, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, kilo 20 ni chakula chake. Jeshi linapata 5. Ni kama kumtuma bodaboda apeleke dumu la petroli mbali huku akijaza tangi kutoka dumu hilohilo. Jeshi liliposonga bara zaidi, walitakiwa wapagazi wa kuwalisha wapagazi.

Rekodi za Waingereza zina vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno, kwani majina mengi hayakuandikwa.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Mwingereza akilitamka jina hilo, herufi za mwisho hazisikiki. Sikio la Mswahili lilipata "karia-ko". Kambi yao hapa mjini ilikuwa mwendo mfupi kutoka ilipo sanamu, na eneo lile hadi leo tunaliita Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor, jina lililotoka kwa watu walewale.