Je, wajua kwa nini seli ikishambuliwa na oksijeni hupunguza kutengeneza protini?

Chukua peroksaidi ya haidrojeni, ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, uimimine kwenye mkwaruzo unaotoka damu. Papo hapo povu jeupe litapanda. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba povu lile ni vijidudu vinavyokufa. Kumbe ni oksijeni, na anayeitoa ni wewe mwenyewe: kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichomo kwenye damu na seli zako, kinaivunja dawa ile iwe maji na oksijeni.

Mwili una kimeng'enya cha kuvunja dawa ya dukani kwa sababu peroksaidi hiyohiyo huzalishwa ndani ya seli zako wakati wote, hata ukiwa usingizini. Nyingi hutoka kwenye mitokondria, mahali ambapo chakula hugeuzwa kuwa nishati. Elektroni hupokezanwa huko hatua kwa hatua hadi kuifikia oksijeni, lakini chache huchopoka njiani na kuidandia kabla ya wakati wake. Hapo huzaliwa superoksaidi. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuigeuza superoksaidi hiyo kuwa oksijeni na peroksaidi, ambayo nayo huzimwa na katalesi na wenzake. Kiasi kidogo hakina neno. Taabu huanza pale superoksaidi na peroksaidi zinapozalishwa nyingi kuliko zinavyozimwa, iwe kwa maambukizi, kwa moshi wa sigara au kwa dawa fulani. Wataalamu huiita hali hiyo msongo wa oksidishaji.

Sasa, seli haina macho wala pua. Inajuaje kwamba imevamiwa?

Jibu liko kwenye salfa. Harufu kali ya nywele zinazoungua unaifahamu; chanzo chake ni salfa, na salfa hiyo iko kwenye sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Sisteini mbili zikiwa jirani, salfa zake zinaweza kushikana. Vifungo vya namna hiyo ndivyo vinavyozipa nywele umbo lake, na dawa ya kulainisha nywele saluni hufanya kazi kwa kuvivunja. Ndani ya seli, salfa nyingi huwa hazijafungwa. Peroksaidi ikizigusa hubadilika au hushikana, na umbo la protini hubadilika nazo. Hatari ikipungua, vimeng'enya vingine huzifungua tena. Kwa hiyo protini haihitaji kupelekewa taarifa na mtu. Imeguswa yenyewe, na kuguswa huko ndiko taarifa.

Mabadiliko ya kwanza huja ndani ya sekunde chache, kabla protini yoyote mpya haijatengenezwa. Kimeng'enya kiitwacho GAPDH, kinachofanya kazi katikati ya safari ya kuvunja glukosi, hupoteza nguvu salfa yake ikiguswa. Ungedhani hiyo ni hasara tupu. Lakini glukosi iliyozuiliwa hapo huelekezwa njia ya pembeni, na njia hiyo huzalisha NADPH, molekuli ambayo seli huitumia kufungua salfa zilizoshikana na kuifufua glutathioni, ngao yake kuu dhidi ya peroksaidi. Weka jina la NADPH akilini, nitalirudia.

Baada ya hapo seli hugeukia uzalishaji. Protini hujengwa na ribosomu, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya nishati. Zaidi ya hapo, protini inayotoka kwenye ribosomu ikiwa bado haijakunjwa ni rahisi kuharibika, kama tofali bichi lililonyeshewa mvua. Kuendelea kufyatua matofali wakati wa mvua ni kujiongezea tope. Hivyo seli hufunga mlango wa kuanzia. Kila ribosomu inapoanza kazi huhitaji msaidizi aitwaye eIF2. Binadamu ana vimeng'enya vinne vinavyoweza kumbandika msaidizi huyo fosfati, mahali palepale, kila kimoja kikiamshwa na aina yake ya shida. Fosfati ikishabandikwa, eIF2 inayofaa kwa kazi huadimika, na ribosomu nyingi hukaa bila kuanza.

Kimoja kati ya hivyo vinne huitwa HRI. Kilijulikana kwanza kwenye seli changa za damu, ambako huzuia globini, sehemu ya protini ya himoglobini, isitengenezwe bure wakati himu, sehemu ile yenye madini ya chuma, haitoshi. Kimeng'enya hichohicho huamka pia seli inaposhambuliwa na oksijeni.

Lakini seli ikifunga mlango kabisa itajiokoa na nini? Hapa kuna jambo ambalo hunishangaza upya kila nikilisoma. Ujumbe wa kutengeneza protini iitwayo ATF4, mmoja wa wasimamizi wa uokoaji, una vituo vya uongo kabla ya kituo chenyewe. Ribosomu ikimaliza kituo cha kwanza cha uongo hulazimika kupata eIF2 nyingine ndipo ianze tena. Siku za raha huipata upesi, ikaanzia kituo cha pili cha uongo na kupitiliza kile cha kweli. Siku za shida eIF2 ni adimu: ribosomu hupita kituo cha pili mikono mitupu, na inapokuja kuipata tayari iko mlangoni mwa ATF4. Uhaba uleule unaozinyima protini nyingine ndio unaoizalisha hii.

Msimamizi mwingine, NRF2, hufuata njia tofauti kabisa. Mwaka 1999 kundi la Masayuki Yamamoto nchini Japani lilieleza mlinzi wake, protini iitwayo KEAP1. NRF2 hutengenezwa muda wote na kuharibiwa muda wote. Siku za kawaida, nusu yake huwa imekwisha ndani ya dakika kama 20. KEAP1 huishika na kusababisha ibandikwe alama ya kuangamizwa. Ni ubadhirifu, lakini una faida yake: wakati wa dharura hakuna haja ya kusubiri amri mpya, inatosha uharibifu ukome. KEAP1 ya binadamu ina sisteini 27, na baadhi yake ni nyepesi mno kuguswa. Zikiguswa, mlinzi hushindwa kazi. NRF2 hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni: za kutengeneza glutathioni, za kurekebisha salfa, na ile ya G6PD, kimeng'enya kinachofungua ile njia ya pembeni ya NADPH.

Kuna seli moja ambayo haiwezi kufanya hayo yote, nayo ndiyo inayobeba oksijeni kuliko nyingine zote. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, haina ribosomu, haina mitokondria. Huishi siku kama 120 kwa protini zilezile ilizotoka nazo kwenye uboho, na njia yake ya kupata NADPH ni hiyo moja inayoanzia kwa G6PD. Kwetu Afrika watu wengi wana aina ya jeni iitwayo A-, inayotengeneza G6PD isiyodumu. Kimeng'enya cha kawaida hupungua hadi nusu kwa siku kama 62. Hiki kwa siku kama 13. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo huonekana zaidi kwa wanaume.

Mwenye hali hii anaweza kuishi miaka asijue, mpaka atumie dawa fulani. Himoglobini huharibika na kuganda vipande vipande, seli hupasuka, macho huwa ya manjano, mkojo hufanana na chai ya rangi. Mwaka 2008 dawa ya malaria iliyochanganya chlorproguanil na dapsone iliondolewa sokoni kwa sababu hii. Watoto wachanga wenye upungufu huu wamewahi kudhurika kwa kuvalishwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Tafadhali, mwambie mama mjamzito yeyote unayemfahamu.

Upungufu wenyewe ulitambuliwa mwaka 1956 na Paul Carson na wenzake huko Marekani, wakifuatilia watu waliopungukiwa damu baada ya kumeza primaquine, dawa ya malaria. Majaribio yalifanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, jambo ambalo leo lisingekubalika. Watafiti waligundua kitu kigumu kueleza: dawa iliendelea kutolewa kila siku, lakini baada ya siku kadhaa damu iliacha kupasuka na kuanza kupanda tena. Seli kuukuu zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa changa, zimetoka kwenye uboho juzi tu, na G6PD yao ilikuwa bado haijachakaa.