Stadi hamishika ndo nini, na kwa nini wanafunzi wa PhD wanaitiwa semina zake

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, ndo anaanza PhD hapa Mwanza, kanitumia tangazo la mafunzo ya siku tatu halafu chini kaandika: "Kaka, hii stadi hamishika ndo kitu gani, niende au ni zile semina za kunywa chai na kurudi na begi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza dakika nne, ya pili dakika saba, ya tatu bando likakata. Nikaona bora niandike tu, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Stadi hamishika ni ule ujuzi unaoupata au unaounoa ukiwa kwenye utafiti lakini haujafungwa kwenye mada yako. Mada ni ile iliyoandikwa kwenye jalada la tasnifu, na tuseme ukweli, ukiwatoa supavaiza wako na watu wachache waliotawanyika duniani wanaofanya kitu kama chako, wengine wote hawana shida nayo. Ujuzi ndo unaotoka nao mlangoni: kupanga kazi ya miaka mitatu au minne na kuifikisha mwisho, kuandika ombi la hela likasomeka, kusafisha data chafu, kushika bajeti, kuongoza wasaidizi watano wenye njaa na uchovu, kumweleza mtu asiye wa fani yako akakuelewa. Unaitwa wa kuhamishika kwa sababu unahama nao, leo uko chuo, kesho wizarani, keshokutwa kiwanda cha samaki au shirika, au umefungua kaofisi kako mwenyewe pale Buzuruga.

Kwa hiyo mafunzo ya stadi si kozi ya fani. Kozi ya fani inakufundisha namna ya kupima mafuta kwenye nyama ya sangara, mafunzo ya stadi yanakufundisha namna ya kumshawishi mtu atoe hela za kupima hayo mafuta, halafu namna ya kumrudishia majibu kwa lugha yake.

Sasa niwaambie mimi nilivyokuja kuielewa, maana sikuielewa semina. Utafiti wangu ulikuwa wa dagaa, ule upotevu unaotokea kuanzia mtumbwi unapogusa mwalo, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa, mpaka dagaa wanafika sokoni Kirumba, kwa nini wanaoanikwa mchangani wanauzwa bei ya chini na wanaishia kwenye chakula cha kuku wakati wa kwenye chanja wanaliwa na watu. Nikaandaa ratiba nzuri sana kwenye laptopu, ina rangi, wiki ya kwanza mwalo huu, wiki ya pili mwalo ule, nikaajiri vijana wanne, nikalipa nusu ya posho mapema, tukapanda daladala mpaka Igombe. Tunafika asubuhi mwalo kimya, mitumbwi imepandishwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Nikamfuata mzee mmoja wa kamati ya mwalo, BMU, nikamwambia shikamoo mzee, mbona leo hakuna dagaa? Akaniangalia kwa muda, akasema, "Marahaba mwanangu. Wewe jana usiku hukuona mwezi?"

Dagaa wanavuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, unawasha juu ya maji dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifanyi kazi yake, ziwa zima limewaka, dagaa wafuate lipi? Kwa hiyo zile siku za mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona, wanarudi makwao Ukerewe au Sengerema kuona watoto. Kila mtoto wa mwaloni anajua hilo. Mimi mwenye shahada mbili na ratiba ya rangi sikujua, na posho nimeshalipa.

Nilirudi mjini nimenuna. Ila ukiangalia, kilichonikosa pale si elimu ya samaki, elimu ya samaki ninayo. Kilichonikosa ni kupanga mradi, yaani kukaa kwanza na wanaoifanya kazi, kujua nini kinategemea nini, kuacha nafasi ya mambo kwenda kombo, kutolipa hela kabla kazi haijaonekana. Hicho kina jina na kina mafunzo yake, ya siku mbili tu, na kama ningeyapata kabla ya kwenda Igombe mwenyewe ningejiuliza swali la mwezi. Au labda nisingejiuliza, lakini angalau ningeenda mara moja peke yangu kabla ya kubeba watu wanne.

Hii habari ya kuwafundisha watu wa PhD mambo kama haya haikuanza kwetu. Uingereza mwaka 2002 kulitoka ripoti ya Sir Gareth Roberts kwa serikali yao, kuhusu wanasayansi na wahandisi, na moja ya alichokisema ni kwamba wanaomaliza PhD hawaandaliwi vya kutosha kwa kazi za nje, basi wapewe angalau wiki mbili kila mwaka za mafunzo ya stadi hizi. Serikali ikatoa hela maalum kwa vyuo, watu wakaziita hela za Roberts, zikaendelea mpaka 2011. Mwaka 2010 shirika lao moja linaitwa Vitae likatoa mchoro wa duara wenye maeneo manne ya kumkuza mtafiti: maarifa na akili ya kufikiri, kujisimamia wewe mwenyewe, kuendesha utafiti kwa taratibu na maadili, na kushirikiana na watu mpaka kazi yako iguse kitu nje. Ule mchoro umesambaa sana, semina nyingi utakazoenda hata huku zimekopa humo hata kama hawasemi. Mimi naupenda kiasi. Umegawanywa vipande vingi mno, na ukiuchukulia kama fomu ya kujaza kila kisanduku utazeeka, bora uusome mara moja ujiulize ni kipande gani kinakuuma sasa hivi.

Eneo la tatu, lile la taratibu, wengi tunalidharau na ndo linalotuchelewesha. Mtu anafikiri utafiti ni kukusanya data kumbe kabla ya hapo kuna kibali cha maadili, na COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, nao wana vibali vyao, kuna barua ya mkoa, ya wilaya, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Na siku hizi ukichukua majina na namba za simu za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, huwezi tena kuacha madodoso yenye majina ya watu kwenye flashi inayozunguka ofisi nzima. Anayejua kuzipitia hizi njia bila kugombana na mtu ana ujuzi unaolipwa, mashirika yanawatafuta watu hao kuliko yanavyotafuta tasnifu yako.

Mfano wa hapahapa kwetu. Ule utafiti mkubwa wa Mwanza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, ulioonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Vijiji na jamii 12, watu wazima kama elfu moja kila sehemu, wakafuatiliwa miaka miwili, enzi hizo simu ya mkononi hakuna. Sasa jiulize mwenyewe hapo takwimu ni kiasi gani na kupanga magari, sampuli, dawa zisikatike, na watu wakubali kurudi ni kiasi gani.

Eneo la nne ndo la kuongea, na hapa kuna zoezi nalipenda. Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia mwaka 2008 walianzisha shindano la kueleza tasnifu yako kwa dakika tatu, slaidi moja tu isiyochezacheza, hakuna video wala muziki. Wenyewe wanasema tasnifu ya maneno 80,000 ukiisoma yote mbele ya watu itachukua saa tisa, wewe una dakika tatu. Limesambaa vyuo vingi duniani. Huhitaji kusubiri shindano. Mimi nililifanya mwaloni nilipopeleka mrejesho, nikasimama mbele ya akina mama wanaoanika dagaa, nikaanza "upotevu wa kiuchumi baada ya uvunaji unasababishwa na..." mama mmoja akanyoosha mkono, "Dokta samahani, mwanangu anaharisha tangu juzi, nimpe nini?" Alisikia naitwa dokta, akafanya la maana kwake. Wote tukacheka, mtoto tukamwelekeza zahanati, halafu nikaanza upya: "Mama, debe lako moja la mchangani na debe moja la kwenye chanja, mnunuzi anakupa bei gani kila moja?" Hapo kila mtu akaongea, na mrejesho ukaenda saa nzima, wao ndo wakawa wananifundisha.

Sasa fursa zenyewe ziko wapi kwa mtu wa huku kanda ya ziwa. Kwanza chuoni kwako, kurugenzi ya masomo ya juu huwa na warsha, mara nyingi tangazo linabandikwa ubaoni na linatoka siku mbili kabla, kwa hiyo jenga urafiki na mtu wa ofisi ile. Kama fani yako ni afya ya jamii au mambo ya watu na makazi yao kuna CARTA, mpango wa kuwanoa watafiti wa PhD wa Afrika, ulianza 2008, unaongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa watu na afya cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo ndani. Wao wana semina kubwa nne wanazopitia kundi moja pamoja, kuanzia kuandaa pendekezo mpaka namna ya kuishi baada ya PhD, na kwa maoni yangu faida yake kubwa si somo, ni kwamba unatoka na wenzako kutoka nchi kadhaa ambao mtaandika maombi ya hela pamoja miaka kumi mbele. Sharti ni kuomba na kuchaguliwa, haingiwi kama kanisani.

Ukikosa huko kuna AuthorAID, kozi za bure za mtandaoni za kuandika makala za kisayansi, zilianzishwa na shirika la INASP la Uingereza, unahitaji bando na nidhamu. Na programu za bure usizidharau: R kwa takwimu, QGIS kwa ramani, Zotero kwa kupanga marejeo, KoboToolbox kwa kukusanya data kwa simu. Nimeona kijana alisoma PhD ya mambo tofauti kabisa akapata kazi kwa sababu anajua kutengeneza dodoso la kwenye simu linalofanya kazi hata pasipo na mtandao, kisiwani kule ambako mnara haufiki.

Aina nyingine haiitwi mafunzo kabisa ila ndo inayofundisha zaidi, kukaa miezi miwili mitatu kwenye ofisi ya watu. TAFIRI, watu wa utafiti wa uvuvi, wako hapahapa Mwanza, NIMR, wale wa utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo hapahapa, Jinja kule Uganda kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kuna halmashauri zenye maafisa uvuvi waliozidiwa na ripoti. Nenda kaombe kusaidia kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Utajifunza kuandika ukurasa mmoja ambao bosi anausoma akiwa amesimama, kitu ambacho chuo hakikufundishi maana chuo kinataka kurasa 300.

Mimi kwenye usaili wangu wa kwanza niliulizwa, "Unaweza kutufanyia nini?" nikajibu kwa kutaja kichwa cha tasnifu yangu, chote, mpaka nukta pacha. Yule mama wa kwenye paneli akafunga faili taratibu. Sikupata. Usaili wa pili nikasema nimeongoza vijana wanne kwenye mialo sita, bajeti ikatosha, na hakuna dodoso lililopotea. Ni PhD ileile.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujathibitisha waulize waandaaji maswali mawili: nani anafundisha, na siku ya tatu natoka na nini mkononi. Wakisema cheti tu, kalale. Wakisema rasimu ya ombi la hela, au mpango wako wa data, au CV iliyopitiwa na mtu anayeajiri, nenda. Supavaiza mwambie mapema, wengine wanaona semina ni utoro, basi mpelekee hiyo rasimu utakayorudi nayo, ataelewa lugha hiyo.

Na tarehe zake umeziangalia? Mimi tangu ile siku ya Igombe nina kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi, siku za giza niko mwaloni, kozi na warsha zote nazipanga kwenye mbalamwezi. Hiyo ya kwako nimeicheki, siku ya pili yake mwezi ni mpevu.