Umeme unavyovuka ukuta bila kusukumwa: kilichomo ndani ya vidude vya supakondakta

Tangu Nobel ya fizikia ya 2025 iende kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis tumekuwa tukipokea maswali mengi huku idarani, hivi hawa wazee walifanya nini hasa, na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni yanarukia moja kwa moja kwenye kompyuta za kwanta (zile zinazohesabu kwa kanuni za ulimwengu wa chembe ndogo) kana kwamba ndo habari yote. Mi naona hapo tunashika mkia tunaacha ng'ombe. Habari yenyewe ni ya elektroni, na namna zinavyovuka sehemu ambayo kwa akili ya kawaida hazina njia, basi ngoja tuanzie hapo.

Kwenye waya wa kawaida elektroni zinapita huku zinajigonga kwenye atomi zinazotikisika na kwenye uchafu uliomo ndani ya chuma, ndo maana waya unapata moto na ndo maana pasi inafanya kazi. Huo ndo ukinzani. Mwaka 1911 kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipoza zebaki kwa heliamu ya kimiminika na walipofika kama kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ukapotea ghafla. Haukupungua pole pole, ulipotea. Kitu kinachofanya hivyo ndo tunakiita supakondakta. Kuieleza hiyo ilichukua miaka 46, mpaka 1957 pale John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walipoonyesha kwamba kwenye baridi hiyo elektroni zinaenda mbili mbili: moja ikipita inazivuta kidogo atomi zilizo jirani, panabaki sehemu yenye chaji chanya iliyozidi, alafu nyingine inavutwa na sehemu hiyo. Hizo ndo tunaziita jozi za Cooper. Na usidhani wapenzi hao wamebanana, kwenye alumini safi jozi moja inaweza kutanda zaidi ya nanomita 1,000, wakati kidude tunachokitengeneza kina upana wa nanomita mia au mia mbili tu!

Jozi zote zinakuwa na mwendo mmoja. Aliyewahi kuona maulidi ya homu kule Zanzibar anajua ile safu ya watu waliopiga magoti wanavyoyumba pamoja, mtu mmoja hawezi kujiyumbia kivyake maana safu nzima inambeba, na jozi nazo ndo hivyo hivyo, atomi moja inayotikisika haina nguvu ya kuitoa jozi moja kwenye mwendo wa zote. Ili uitoe inabidi uivunje kabisa, na kuivunja kuna gharama yake ya nishati. Kwenye alumini gharama hiyo ni ndogo mno, kama elektrovolti 0.00035, kwa hiyo joto kidogo tu linatosha kuharibu shughuli nzima, na alumini ikipita kelvini 1.2 inarudi kuwa alumini ya kawaida.

Sasa kutengeneza kidude chenyewe. Unachukua kipande cha silikoni, unakipaka plastiki maalum, unachora kwa mwale wa elektroni mpaka unabaki na kidaraja chembamba cha plastiki kinachoning'inia hewani. Kisha ndani ya chumba kisicho na hewa unayeyusha alumini mpaka igeuke mvuke na unaituma kwa kuinamisha sampuli upande mmoja. Unaruhusu oksijeni iingie kidogo kwa dakika chache, juu ya alumini panajengeka ngozi ya oksidi ya nanomita moja au mbili, alafu unainamisha upande wa pili na kumwaga alumini nyingine ipande juu ya ile ya kwanza pale chini ya daraja. Unaosha plastiki kwa asetoni na umebaki na supakondakta mbili zilizotenganishwa na ukuta ambao hata ukiuhesabu kwa atomi hazifiki nyingi. Hiyo ndo junksheni ya Josephson. Na ni kitu laini balaa, ukiigusa bila kujiunga na ethi chaji iliyo kwenye nguo zako inaiunguza, na mwanafunzi akiipima kwa maltimita ya kawaida (kile kipimo cha mafundi umeme) eti aone kama iko nzima basi ndo amekwisha kuiua.

Inawekwa kwenye friji linalotumia mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4, linashuka hadi kelvini 0.01 au 0.02 hivi, baridi kuliko anga za mbali ambazo zina kama 2.7. (Heliamu ya Rukwa iliyotangazwa 2016 na watafiti wa Oxford, Durham na kampuni ya Helium One ni ile ya kawaida, heliamu-4. Ile nyingine ni adimu, nyingi yake inatokana na kuoza kwa tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), na bei yake usiulize.)

Ukishafika kwenye baridi hiyo unaanza kupitisha mkondo wa umeme, unauongeza taratibu huku unaangalia volteji. Inasoma sifuri. Unaongeza tena, sifuri. Mkondo unavuka ule ukuta wa oksidi, ambayo ni kihami yaani haipitishi umeme, na hakuna volteji yoyote inayousukuma! Alafu ukifika kiwango fulani volteji inaruka ghafla hadi karibu milivolti 0.35, na hiyo namba si ya bahati, ni ile ile gharama ya kuvunja jozi, maana kuanzia hapo kinachovuka ni elektroni moja moja zilizotoka kwenye jozi zilizovunjika. Huo mruko Ivar Giaever aliuona Marekani mwaka 1960. Ule mkondo unaopita volteji ikiwa sifuri ulitabiriwa 1962 na Brian Josephson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa anasoma Cambridge, na Bardeen mwenyewe, aliyeshaweka nadharia nzima ya supakondakta, alimpinga hadharani. Mwaka uliofuata Philip Anderson na John Rowell wa maabara za Bell wakautoa kwenye vipimo na ubishi ukaisha.

Kinachoendesha mkondo huo ni fezi, yaani wimbi la jozi za upande huu limefikia wapi katika kupanda na kushuka kwake ukilinganisha na wimbi la upande ule. Tofauti ya fezi ikiwepo, jozi zinavuka. Ukiweka volteji isiyobadilika tofauti hiyo inaanza kukimbia na mkondo unaenda na kurudi, na kila milivolti moja inakupa mitetemo bilioni 483.6 kwa sekunde, haijalishi umetumia alumini au niobiamu au umeitengenezea nchi gani. Kwangu mimi hili ndo jambo kubwa kuliko kompyuta zote. Volti inayotumika kusahihisha vipimo vya umeme duniani leo inatokana na hapa, na tangu 20 Mei 2019 vipimo vya kimataifa viliporekebishwa namba hiyo imefungwa kwenye chaji ya elektroni na namba ya Planck (namba ya msingi ya fizikia ya kwanta) peke yake.

Ukitoa ule ukuta ukaweka chuma cha kawaida, mambo yanakuwa mengine. Elektroni ya peke yake inafika mpakani na supakondakta haimpokei bachela, basi inajitafutia mwenzake palepale, zinaingia mbili, na nyuma panabaki tundu, yaani nafasi ya elektroni iliyochukuliwa, linalorudi kwa njia ile ile elektroni ilikotokea. Alexander Andreev aliieleza hii mwaka 1964, na mpaka huo ukiwa safi kabisa umeme unapita mara mbili ya ulivyokuwa ukipita kabla ya kupoza. Na ukifanya kipande cha supakondakta kiwe kisiwa kidogo sana, kuongeza jozi moja tu kunakuwa na bei kwa sababu chaji zinasukumana, kwa hiyo unaweza kuzihesabu moja moja. Yasunobu Nakamura na wenzake wa NEC kule Japani walitumia kisiwa cha aina hiyo 1999 wakaonyesha jozi ikiwa ipo na haipo kwa wakati mmoja, na waliokuja na kompyuta za kwanta za supakondakta wengi walitokea hapo.

Sasa turudi kwa wale watatu wa Nobel. Kazi yao ni ya 1984 na 1985, Berkeley, na swali lilikuwa je, saketi nzima yenye mabilioni ya jozi, kitu unachoweza kukishika mkononi, inaweza kupenya, yaani kuvuka ukuta ambao haina nishati ya kuuruka, kama inavyopenya elektroni moja? Walichukua junksheni iliyokaa kwenye hali ya volteji sifuri wakawa wanasubiri itoroke, yaani volteji itokee ghafla. Walivyozidi kupoza ndivyo ilivyozidi kuchelewa, maana joto ndo lililokuwa linaisukuma, lakini ikafika mahali ukipoza zaidi hakuna kinachobadilika, inatoroka kwa kasi ile ile. Basi hapo joto limeshaondoka kwenye hesabu, fezi ya saketi nzima inapenya. Wakapiga na mawimbi ya maikrowevu wakakuta saketi inakubali viwango fulani tu vya nishati, kama atomi.

Junksheni mbili ukiziunga kwenye kitanzi unapata kipimo cha sumaku kinachoitwa SQUID, kilitoka maabara ya kampuni ya Ford 1964, na leo hospitali zinakitumia kusikiliza sumaku ya ubongo, ambayo ni dhaifu kama mara milioni mia tano kuliko ya dunia.

Wengi wanauliza mbona hatuoni hivi vitu kwenye simu. Kwanza baridi. Tangu 1987 zipo supakondakta zinazofanya kazi kwenye kelvini 90 na kitu, nitrojeni ya kimiminika inatosha kuzipoza, ila ni za aina ya kauri na kuzitengenezea ukuta wa nanomita moja unaofanana kila mahali ni kazi ngumu sana. Pili, hata kwenye alumini ile oksidi ina kasoro za atomi chache zinazomeza nishati, na miale ya kutoka angani ikipiga chipu inavunja jozi na kuacha mabachela wanaozurura ndani ya saketi wakivuruga hesabu, kwa hiyo siku hizi kuna maabara zimehamishia mafriji yao chini ya ardhi.