Kumwombea wokovu ndugu asiyeamini: maana yake kwa Mkatoliki

Kumwombea mtu wokovu ni kusimama mbele ya Mungu kwa ajili yake na kumwombea neema ambayo yeye mwenyewe haiombi, ama kwa kuwa hamwamini Mungu, ama alimwamini akaacha, ama hajawahi kulitilia jambo hilo maanani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki huiita sala hii maombezi (namba 2634 hadi 2636) na kueleza kuwa inatufananisha na sala ya Yesu mwenyewe, ambaye ndiye mwombezi wa pekee mbele ya Baba. Kwa hiyo mama anayemwombea mwanawe hasali peke yake. Anaingia katika sala ambayo Kristo anaisali tayari kwa ajili ya mwana huyo.

Hili lina uzito wake, maana wengi husali kana kwamba wao ndio wanaompenda ndugu yao na Mungu anangoja kubembelezwa. Mtume Paulo anaagiza dua na maombezi kwa ajili ya watu wote, kisha anatoa sababu: Mungu anataka watu wote waokolewe (1 Tim 2:1-4). Anayeomba wokovu wa ndugu yake anaomba kitu ambacho Mungu alikitaka kabla yake.

Basi kama Mungu anataka na sisi tunaomba, kinachobaki ni nini? Ni uhuru wa mtu mwenyewe. Imani ni tendo la hiari, hakuna wa kulazimishwa kuipokea (Katekisimu 160; Sheria ya Kanisa, kanuni ya 748). Sala huomba neema: mwanga wa akili, moyo kuguswa, kukutana na mtu wa kufaa kwa wakati wa kufaa, kupona jeraha lililomtoa mtu kanisani. Neema humvuta mtu, haimkokoti. Mtakatifu Augustino alisema kwamba Mungu aliyetuumba bila sisi hakutaka kutuokoa bila sisi. Ndiyo maana hakuna novena (sala ya siku tisa mfululizo) yenye tarehe ya dhamana, na zile sala zinazosambazwa kwenye simu zikiahidi kwamba mume ataongoka siku ya tisa ukizituma kwa watu kumi ni ushirikina uliovalishwa rozari.

Asiyeamini yupi?

Neno "asiyeamini" linabeba watu wa namna nyingi, na ni vizuri kujua unamwombea nani. Kuna aliyebatizwa Mkatoliki akaacha. Huyu ana alama ya ubatizo isiyofutika, na njia yake ya kurudi ni toba na sakramenti ya Kitubio. Kuna Mkristo wa madhehebu mengine, ambaye si sahihi kumwita asiyeamini hata kidogo. Kuna asiyebatizwa mwenye dini yake, na kuna anayesema Mungu hayupo. Kanisa lenyewe huwatenganisha katika sala: katika maombi makuu kumi ya Ijumaa Kuu, ombi la tano ni la umoja wa Wakristo, la sita ni la Wayahudi, la saba ni la wasiomwamini Kristo, na la nane ni la wasiomwamini Mungu. Anayetafuta mfano wa maneno ya kusali asianze mbali. Aanze na maombi hayo ya liturujia.

Jingine la kuweka sawa: kumwombea mtu wokovu si kutangaza kuwa amepotea. Katekisimu (847) inafundisha kwamba wasioijua Injili ya Kristo wala Kanisa lake bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri zao kwa msaada wa neema, wanaweza kupata wokovu. Je, hapo sala inakuwa haina kazi? La. Namba inayofuata inasema Kanisa lina wajibu na haki ya kuhubiri Injili kwa watu wote. Anayempenda ndugu yake hamtakii kuponea chupuchupu. Anamtakia amjue Kristo, ampokee katika Ekaristi, afe akiwa na tumaini.

Alichofanya Monika

Mtakatifu Monika hutajwa kila mara mada hii inapoguswa, ila kwa kawaida husimuliwa machozi yake tu. Yaliyobaki ndiyo yenye mafunzo. Alikuwa wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mumewe Patrisi alikuwa mpagani mwenye hasira kali, na mwana wao Augustino alijiunga na Wamani, kundi la wafuasi wa Mani lililofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana, akakaa nalo miaka karibu tisa. Augustino mwenyewe anaeleza kuwa mama yake alifika mahali hakutaka tena kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto: amesimama juu ya ubao, kijana mmoja anamwambia atazame, kwamba alipo yeye ndipo atakapokuwa mwanawe. Baada ya ndoto hiyo alimrudisha nyumbani na mezani, na Augustino alikuwa bado Mmani vilevile.

Halafu Monika alimwendea askofu mmoja, akamsihi abishane na Augustino amshinde. Askofu huyo alikuwa mtu wa kufaa kabisa, kwani utotoni alilelewa kwa Wamani, akawaacha baada ya kusoma vitabu vyao. Akakataa. Alisema kijana bado amejaa majivuno ya mambo mapya, hafundishiki. Amwache alivyo, amwombee tu kwa Bwana. Monika alipozidi kulia, askofu akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Watu hushika sentensi hii ya mwisho na kuisahau ile ya kwanza: mwache, mwombee tu.

Patrisi alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387, na Monika akafa mwaka huohuo huko Ostia, mwenye umri wa miaka 56. Sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti, ya mwanawe ni kesho yake. Anayetaka kusali novena ya Mtakatifu Monika kwa kufuata kalenda huanza tarehe 18 na kumaliza tarehe 26.

Jinsi ya kusali

Anza na mtu mmoja, kwa jina lake, kila siku, kwa muda unaoweza kuudumisha. Fungu moja la Rozari (Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe Baba) haizidi dakika tano. Anayejiwekea Rozari tatu kwa siku na kufunga mara tatu kwa juma kwa kawaida huacha kabla mwezi haujaisha, kisha hujilaumu kana kwamba wokovu wa kaka yake umeanguka pamoja na ratiba. Kwa maneno yako mwenyewe, sala fupi kama hii inatosha:

*Baba, namleta kwako (jina). Ulimpenda kabla yangu, na unamjua kuliko ninavyomjua. Mpe neema ya kukutafuta. Mwondolee kinachomzuia, hata kama kinachomzuia ni mimi. Mkutanishe na mwamini atakayesema naye kwa upendo. Nami unipe subira na ulimi wa kiasi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.*

Sentensi ya "hata kama kinachomzuia ni mimi" isirukwe. Wengi waliotoka kanisani hawakushindwa na hoja za wasioamini. Walishindwa na waamini wa nyumbani kwao. Na ile ya kukutana na mwamini mwingine ni muhimu kwa sababu mara nyingi mzazi au mke si mtu atakayesikilizwa. Maneno yake yamezoeleka mno. Augustino alikuwa na mama mtakatifu, lakini aliyemfungulia Maandiko ni Ambrosi.

Kwa wanaopenda sala zilizokwisha tungwa, kuna ile ambayo malaika aliwafundisha watoto wa Fatima mwaka 1916, inayosaliwa mara tatu: msali hukiri kwamba anamwamini Mungu, anamwabudu, anamtumainia na anampenda, kisha anaomba msamaha kwa ajili ya wasioamini, wasioabudu, wasiotumaini na wasiompenda. Kuna pia Novena ya Huruma ya Mungu, inayoanza Ijumaa Kuu na kuishia Jumamosi iliyo kabla ya Dominika ya Huruma, yaani Dominika inayofuata Pasaka. Siku yake ya nne ni ya wasiomwamini Mungu na wale ambao bado hawamjui Yesu. Novena hiyo inaweza kusaliwa wakati wowote wa mwaka.

Juu ya hizo zote iko Misa. Kanuni ya 901 inampa padri ruhusa ya kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa, kwa hiyo hata ndugu asiyebatizwa anaweza kuombewa. Unakwenda ofisi ya parokia, unaandika jina na nia, unatoa sadaka kadiri ilivyopangwa mahali hapo. Asiye na kitu asiogope kuomba, maana mapadri wanahimizwa kutolea Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka (kanuni ya 945). Angalia jambo moja: nia zikisomwa hadharani, usiandike "kwa ajili ya kuongoka kwa fulani" huku jirani zake wakisikiliza. Andika jina tu, au "kwa nia ya pekee". Habari ikimfikia kwamba alitangazwa kanisani, umemfungia mlango kwa mkono wako.

Rehema, yaani kuondolewa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, ndizo zinazochanganya watu. Rehema kamili unaweza kujipatia mwenyewe au kumtolea marehemu. Huwezi kuielekeza kwa mtu mwingine aliye hai. Kwa ndugu aliye hai toa Misa, Rozari, mfungo, na shida za siku hiyo ulizozipokea bila kunung'unika.

Yanayoharibu

La kwanza ni sala iliyogeuzwa mahubiri. Kumshukuru Mungu kwa chakula mbele ya asiyeamini si kosa. Kosa ni kuongeza "na wote waliomwasi Mungu hapa mezani wafunguliwe macho". Hapo haambiwi Mungu, anaambiwa mtu aliyekaa kiti cha pili. Mtume Petro anawaambia wake wenye waume wasioamini kwamba waume hao wavutwe pasipo neno, kwa mwenendo wao (1 Pet 3:1). Akiuliza, jibu kwa upole na kwa ufupi. Asipouliza, peleka maneno yako kwa Mungu.

La pili ni kutumia visakramenti kwa siri, kama medali chini ya mto au maji ya baraka ndani ya chai, kwa kudhani vitafanya kazi vyenyewe. Visakramenti hutuandaa kupokea neema, na vinakwenda pamoja na imani na sala ya Kanisa. Mwaka 1842 Alphonse Ratisbonne, Myahudi wa Strasbourg asiyejali dini, aliongoka ghafla katika kanisa la Sant'Andrea delle Fratte, Roma. Siku chache kabla alikuwa amevaa Medali ya Mwujiza, medali ya Bikira Maria, lakini alipewa waziwazi na rafiki, akakubali mwenyewe kuivaa, huku watu wakimwombea.

La tatu ni zito zaidi: bibi kumbatiza mjukuu kwa siri bafuni kwa kuwa wazazi wameacha dini. Nje ya hatari ya kifo, kanuni ya 868 inataka ridhaa ya angalau mzazi mmoja na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Ubatizo huo ukifanywa sawasawa ni ubatizo wa kweli na haurudiwi, ingawa umevunja kanuni, lakini mtoto anakua bila kujua kuwa amebatizwa, na parokia haina kumbukumbu.

Hatari ya kifo ina taratibu zake. Mtu mzima asiyebatizwa hubatizwa akiwa ameonyesha kwa namna fulani kwamba anataka, anajua kwa kiasi kweli kuu za imani, na anaahidi kushika amri za dini ya Kikristo (kanuni ya 865). Padri akikosekana, yeyote mwenye nia ya kufanya afanyalo Kanisa anaweza kubatiza: mimina maji kichwani mara tatu, yatiririke juu ya ngozi, huku ukisema, "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha mjulishe paroko ili iandikwe. Aliyezimia na hakuwahi kutaka ubatizo habatizwi. Huyo anaombewa kando ya kitanda, kwa sauti ya chini, ukimtaja kwa jina.

Akifa bila kuonyesha dalili

Kanisa limetangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Mwaka 1887 Teresa wa Lisieux, akiwa na miaka 14, alimwombea muuaji Henri Pranzini aliyekuwa amehukumiwa kifo, akaomba pia Misa itolewe kwa nia hiyo. Pranzini hakuungama. Teresa akasoma gazetini kwamba katika dakika ya mwisho aliushika msalaba alionyooshewa na padri, akaubusu mara tatu. Hilo lilionwa na watu kwa kuwa lilitokea hadharani. Yanayopita ndani ya roho ya mtu aliyelala hospitalini bila kusema hayaonwi na yeyote isipokuwa Mungu. Na kwa Mungu wakati wote uko mbele yake, kwa hiyo sala inayosaliwa leo aliijua saa ile ndugu yako alipokuwa anakufa.

Kwa hiyo maombi hayakomi, yanabadilika nia tu. Rehema ambayo hukuweza kumtolea akiwa hai, sasa unaweza. Misa 30 za Gregori, zinazotolewa siku 30 mfululizo kwa marehemu mmoja, nazo ni kwa ajili ya wafu peke yao, hivyo asiziombe mtu kwa ajili ya ndugu aliye hai. Ofisini hutaulizwa kama aliamini. Utaulizwa jina lake.