Kikorea: -(으)ㄹ 텐데 si wakati ujao tu

Wengi wanaojifunza Kikorea huiona ile ㄹ, inayotumika pia kwa wakati ujao, katika kiishio -(으)ㄹ 텐데 (hutamkwa karibu na "tende", ila t ina pumzi nzito) wakahitimisha kuwa ni wakati ujao. Dhana hii inapotosha sana. Muundo huu unabeba makisio ya msemaji, na mtu hukisia ya jana, ya sasa na ya kesho. 지금 서울은 추울 텐데: "saa hizi Seoul kutakuwa na baridi". Kuhusu mtu aliyeondoka asubuhi: 벌써 도착했을 텐데, "atakuwa ameshafika". Kwetu sisi jambo hili si geni hata kidogo. Hiyo "atakuwa" ina -ta-, lakini nani anaisikia kama habari ya kesho?

Dhana nyingine ni kwamba sentensi ikiishia na 텐데 imekatika njiani. Sivyo. Mwenyeji akimwambia mgeni aliyetoka safari ndefu 피곤하실 텐데요, amemaliza: "mtakuwa mmechoka", na pole imo humohumo bila kutajwa. 시 na 요 ndizo zinazotia heshima. Kwa rafiki, 피곤할 텐데 inatosha. Majuto nayo hukaa mwishoni vivyo hivyo: 같이 갔으면 좋았을 텐데, "tungeenda pamoja ingependeza", yaani hatukwenda. Mimi naona hapa ndipo muundo huu ulipo mtamu zaidi, kwa sababu kisichosemwa ndicho kinachosikika.

Je, 텐데 na 테니까 ni kitu kimoja? Zote zimetoka kwenye nomino 터, lakini 테니까 hutoa sababu waziwazi na hubeba hata ahadi: 제가 할 테니까 쉬세요, "mimi nitafanya, wewe pumzika". Ukiweka 텐데 hapo kwa ahadi yako mwenyewe, Mkorea atashangaa. Nayo -나 봐요 hudai dalili: unaona watu wameshika miavuli, unasema 비가 오나 봐요, "inaonekana mvua inanyesha". 텐데 haingoji dalili ya macho, unachokijua kinatosha.

Kuhusu tahajia, usiige ujumbe wa simu. Wakorea wengi wenyewe huandika 할텐데 kwa kuunganisha, ila kanuni inataka nafasi: 할 텐데, maana 터 ni nomino. Katika sehemu ya kuandika ya TOPIK II (mtihani wa kupima Kikorea), weka nafasi hiyo.